Mguu Uliotolewa Ushuhuda

Jumatatu, 8 Septemba. Ruti

Mvua imeanza leo mchana, wakati Herbert bado anaapa kwamba haiji kabla ya Oktoba. Herbert ni fundi wetu wa karakana hii ya Ruti, amezaliwa na kukulia kambi ya jeshi hapa Mbarara, na huapa juu ya kila kitu. Tumekimbiza mashine ya kuchonga hadi upande ambao bati halivuji, huku tukimcheka.

Miguu minane imekamilika. Nimeipanga mezani na kuitazama kama mama aliyekwisha kuvalisha wanawe nguo za Krismasi. Miaka yote hii watu wakiniuliza kazi yangu nawajibu kwamba mimi ni mhandisi, natafiti mwendo wa mwili. Mama yangu kule Kashojwa, kwenye makazi ya wakimbizi, huwatafsiria majirani: "Anatengeneza miguu." Leo hatimaye mama amesema kweli.

Kitu chetu kipya ni kikombe, ile sehemu ya juu ya mguu bandia ambamo kigutu, kipande cha mguu kilichobaki, huingia. Kigutu cha mkulima hujaa asubuhi na kusinyaa jioni. Kikombe cha kawaida hakijui hilo, kwa hiyo kinapwaya na kuchubua. Chetu kina mkanda na kibanio, mwenye mguu anakaza au analegeza mwenyewe bila kusafiri hadi mjini. Ndani ya bomba la mguu kuna kihisi kidogo kinachorekodi uzito anaoutia. Mkanda tumeujaribu kwa maji, tope, vumbi na jasho. Haukuteleza.

Jumatano, 10 Septemba. Kashojwa

Wa kwanza kuvishwa alikuwa Mama Nabintu. Ni jirani yetu tangu tulipofika kutoka Kivu Kusini, mimi nikiwa mtoto mdogo. Ndiye aliyenisuka nywele siku yangu ya kwanza ya shule. Pikipiki ilimgonga mwaka juzi kwenye njia ya Rwekubo, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Goti lenyewe alibaki nalo, na goti hilo ndilo linalomlisha. Hupalilia maharage akiwa amepiga magoti, akisogea tuta kwa tuta. Akilipoteza, hata mguu wangu uwe mzuri namna gani, hautamrudisha shambani.

Alisimama, akaenda hadi mlangoni, akarudi.

"Nathalie mutoto yangu," akasema, "hii ni kama nilizaliwa nayo."

Wa pili Mzee Baudouin, mzee wa kanisa letu, mguu wa kushoto. Aliuliza jambo moja tu: kama utavumilia wakati wa kwaya. Nikamwambia acheze anavyotaka.

Watano wa Kashojwa wamekwisha. Kesho ni watatu wa kambi ya jeshi.

Alhamisi, 11 Septemba

Sajini mstaafu Hakim amelalamika kabla hata hajauvaa. Eti rangi yake ni ya maiti.

Jumapili, 14 Septemba. Kashojwa

Nilikwenda kanisani na mama. Maturubai yalikuwa yakipigwa na mvua hata Pasta Néhémie akalazimika kupaza sauti mpaka ikakauka. Ilipofika zamu ya ushuhuda, Mama Nabintu aliacha magongo yake kwenye benchi akatembea katikati yetu hadi mbele, peke yake, bila kushika mtu.

"Bwana asifiwe," akasema. "Nilikuwa naingia humu na miti mbili, batoto banacheka. Leo munaniona. Mungu amenipa muguu, na hainiumi hata kidogo."

Kanisa lililipuka. Wanawake walivua vitenge wakavitandika chini apite juu yake. Pasta akamwagia goti lake mafuta ya upako, akaomba, kisha akampa kila mwenye mguu mpya kichupa chake aende nacho nyumbani. Halafu akaniita nisimame na mimi. Nikasimama. Nilipigiwa makofi na watu walionijua nikiwa sina viatu, na nilifurahi kuliko siku niliyopewa shahada. Mama alilia hadi nyumbani.

Jumatano, 24 Septemba. Kambini

Hakim tena. Amenikalisha kwenye kibao mbele ya nyumba yake, mkewe Sharifah akileta chai, na kuanza.

"Wewe madamu injinia, hii kitu yako inapiga kelele kama kitanda mbovu. Hapa mbele inanikula. Hapa nyuma inanifinya. Jua ikitoka inanuka. Nani alikuambia hii ni mguu?"

"Afande, ulisema wiki iliyopita ni nyuma tu."

"Wiki iliyopita ilikuwa nyuma. Sasa iko mbele. Andika."

Nimeandika. Sharifah aliniambia mlangoni nisijali, kwamba hata kwenye harusi yao alilalamikia wali. Tumerudi Ruti na kikombe chake, Herbert akakichonga upya sehemu ya mbele. Mtu huyu anakula muda wangu wote.

Ijumaa, 3 Oktoba. Kashojwa

Ziara ya kwanza ya ukaguzi. Ninawauliza wote maswali yaleyale. Unasikia maumivu? "Tunashukuru Mungu." Kuna mahali panachubua? "Mungu anasaidia." Unavua mara ngapi kwa siku? "Sina shida, mutoto yangu."

Nimewajazia sifuri kwenye safu ya maumivu, wote watano. Baada ya Hakim, ni kama kunywa maji baridi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 17 Oktoba. Kashojwa

Barabara ya kutoka Rwekubo imekuwa uji. Tulisukuma gari mara mbili.

Kihisi cha Mama Nabintu kinaonyesha jambo la ajabu. Wiki ya kwanza alikuwa anautia mguu uzito wote, kama mtu mwenye miguu miwili. Kutoka hapo mstari wa grafu unashuka kila siku, na sasa hata nusu haifiki. Nimemuuliza mara tatu kama kuna kinachomuuma. Mara zote tatu amecheka na kunipa mahindi ya kuchoma.

Pia mkanda wake unang'aa mafuta. Nikamwambia asiupake mafuta hata ukilia, mafuta si dawa ya mkanda. Akauangalia, akasema, "Sawa, nimesikia." Nilipotaka aufungue nione ngozi, akasema ndiyo kwanza ameoga na kuvaa, nisimsumbue, maharage yanangoja kupaliliwa. Sikusisitiza. Ni mtu aliyenisuka nywele, nitamwamrisha vipi avue?

Jumatatu, 20 Oktoba. Ruti

Tumegombana na Herbert. Yeye anasema kihisi ni kizima. Mimi nasema unyevu umekiingia.

"Kihisi ya Hakim iko kwa mvua ileile," akasema. "Mbona hiyo haijalewa?"

"Hakim anakaa kwenye veranda kutwa. Mama Nabintu yuko kwenye tope."

"Basi badilisha. Ikisema tena vilevile utasema nini?"

Mchana tulikwenda Kashojwa, nikambadilishia Mama Nabintu. Wakati wa kubadilisha alishikilia mguu mwenyewe ukiwa umevaliwa, tukafungua bomba kwa chini tu.

Ijumaa, 31 Oktoba. Kashojwa

Kihisi kipya kinasema vilevile. Nimekaa garini nikitafuta maelezo, nikayapata: tope. Kwenye tope kila mtu anakanyaga kwa woga. Mimi mwenyewe leo nimetembea kama naiba kuku. Ni maelezo mazuri. Herbert akawasha gari bila kuapa, na Herbert asiyeapa ni mbaya kuliko Herbert anayeapa.

Jumatatu, 3 Novemba

Hakim amekuja mwenyewe Ruti kwa boda, akauvua mguu na kuuweka juu ya meza yangu, karibu na chai. "Rekebisha," akasema. "Mimi nitangoja." Alingoja hadi saa kumi akisimulia karakana nzima jinsi nilivyoshindwa.

Jumatatu, 10 Novemba. Ruti

Mkuu wetu, Daktari Enid, ameniita ofisini na kufunga mlango. Wageni wa ufadhili wanafika tarehe 26. Wakipenda wanachokiona, mradi utaenda kwenye makambi mengine ya wakimbizi, na nitauongoza mimi. Kiingereza chake cha kawaida alikiacha, akatumia Kiswahili chake kidogo ili nielewe uzito: "Nathalie, wewe sasa ni mkubwa."

Aliuliza nani atembee mbele ya wageni. Nikasema Mama Nabintu. Hakuna mwingine mwenye mwendo na uso kama ule. Akauliza pia kuhusu mstari unaoshuka. Nikamweleza tope. Akasema basi tusiuweke kwenye picha tutakazowaonyesha wageni, utawachanganya. Nikautoa. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeota nasahau swali na Mama Nabintu ananikumbusha. Mvua haijakatika.

Jumatano, 26 Novemba. Mbarara

Wageni walikuja. Mama Nabintu alishushwa kwenye gari amevaa kitenge kipya cha kanisani. Alitembea ukumbi mzima, akageuka, akapanda ngazi tatu tulizotengeneza, akashuka. Wakapiga makofi. Mgeni mmoja akaniomba nimuulize kama anasikia maumivu yoyote. Nikamuuliza, akatazama ule umati na kujibu:

"Tunashukuru Mungu."

"Anasema hapana," nikatafsiri.

Alipoketi nilipiga magoti mbele yake kumfunga kiatu, maana kamba ilikuwa imelegea. Ndipo harufu ikanifikia. Kwanza harufu ya mafuta ya upako, ile ya mzeituni na marashi ninayoijua tangu utoto. Chini yake harufu nyingine. Nilishika goti lake kupitia kitenge, lilikuwa la moto. Nikamtazama. Akatikisa kichwa taratibu, akinisihi nisiseme, na machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

Sikusema. Niliomba radhi kwa wageni, nikamwambia Herbert alete gari nyuma, tukamtoa kana kwamba anachelewa nyumbani. Mpaka sasa sijui kama nilificha aibu yake au yangu.

Kwenye gari nilikata mkanda kwa kisu kwa sababu kibanio hakikufunguka, kimejaa mafuta yaliyoganda na tope. Ndani alikuwa amezungushia kipande cha kitenge. Kipande kilitoka na ngozi. Mfupa wa mbele niliuona kwa macho yangu. Herbert aliendesha akilia, wala hakuapa chochote.

Alhamisi, 27 Novemba. Hospitali

Daktari anasema maambukizi yamepanda. Wanasafisha, wanampa dawa ya mshipa, wataangalia hadi kesho kama goti litaokoka.

Nimekaa nikiunganisha. Kikombe kilimchubua kidogo mwanzoni, jambo ambalo kwa Hakim tulilimaliza kwa siku moja kwa kukichonga upya. Yeye badala ya kusema alipaka mafuta ya upako kwenye mchubuko. Mafuta yakashuka kwenye mkanda, mkanda ukaanza kuteleza, kikombe kikapwaya na kusaga. Akakaza zaidi. Kidonda kikakua, akaongeza mafuta. Nami nikamkanya asipake mafuta mkanda ukilia.

Tuliujaribu mkanda kwa maji, tope, vumbi na jasho. Mafuta hatukuyafikiria. Herbert asingeyafikiria, wala Enid, hawakukulia kule. Lakini mimi nilipakwa mafuta hayo kwa malaria, kwa mtihani, kwa safari. Nilikuwa nimekaa benchi la pili wakati Pasta anagawa vichupa, na nilikuwa nikipiga makofi.

Ijumaa, 28 Novemba

Wameamua kukata. Ni juu ya goti.

Jumanne, 2 Desemba. Hospitali

Leo ameongea. Alikuwa ameelekea ukutani siku zote hizi, akimjibu mama yangu tu. Nilipoingia alisema bila kugeuka:

"Ile mashini ndogo mu muguu. Ilikuwa inasema nini?"

Ningeweza kumwambia mengi. Nikamwambia kweli: tangu katikati ya Septemba ilisema hautii uzito mguu huo, kwamba unaukimbia. Niliona, nikasema mashini imeharibika. Ilipobadilishwa nikasema ni tope. Wageni walipokuja nikautoa mstari ule wasiuone.

Aliitikia kwa kichwa, bado ameelekea ukutani.

"Njo vile," akasema. "Mashini ilisema kweli. Siye wawili tukasema bongo, tukadanganya."

"Kwa nini hukuniambia, mama? Mimi?"

Akageuka. "Nilishasema mbele ya batu bote. Mungu amenipa muguu, hainiumi. Ulikuwa fasi ile, ulisikia. Nikisema sasa inaniuma, njo nimesema nini ju ya Mungu? Bangesema Nabintu ameharibu ushuhuda. Na weye? Ulisimama, bakakupigia makofi. Nilifikiri nikinyamaza, mutoto yangu ataendelea."

Nilimwomba msamaha. Aliniomba maji, nikampa, akanywa.

Alhamisi, 4 Desemba. Ruti

Nimewaandikia wageni na Enid yote, pamoja na mstari nilioutoa. Enid akasema ningeweza kumpa angalau siku moja ajiandae. Yuko sahihi. Mradi umesimamishwa, na imeamriwa miguu yote ikusanywe. Kuongoza kumekwisha kabla sijaanza. Linaloniogopesha sasa ni lingine: miguu minne bado iko Kashojwa, na vichupa vinne.

Jumatatu, 8 Desemba. Kashojwa

Nimezunguka kuikusanya. Hakuna aliyenipa.

Mzee Baudouin amenipokea kwa heshima zote, kiti cha plastiki na soda. Nikamweleza Mama Nabintu alivyokatwa. Anajua, Kashojwa yote inajua, lakini inasemwa kwamba ni ugonjwa wa sukari.

"Mzee, naomba uuvue nione tu."

"Mutoto yangu, niko muzuri."

"Hata kama, naomba."

"Nimekuambia niko muzuri. Tunashukuru Mungu." Alivuta suruali yake chini kidogo, na nikaona kwenye kitambaa doa la mafuta, kubwa kama kiganja.

Nilimfuata Pasta Néhémie. Si mtu mbaya. Aliniuliza kwa uchungu kama nataka awaambie watu waache kumshukuru Mungu. Nikasema nataka awaambie waseme panapouma. Akasema atalitazama kwenye maombi.

Jumanne, 9 Desemba. Kambini

Nimechukua mguu wa Hakim, amri ni kwa yote. Nilikagua kigutu chake kwanza. Ngozi safi kama ya mtoto, haina hata wekundu. Nilipomwambia, akaudhika.

"Safi kwa sababu mimi nilisema. Sasa wewe unachukua mguu ya mtu alisema, unaacha ya wale walinyamaza?"

Nikamwambia wamekataa kunipa. Akaniwekea mguu mikononi, kwa mara ya kwanza bila lalamiko. Nilipitisha miezi hii yote nikimwona mzigo. Kumbe ndiye peke yake aliyenisaidia kufanya kazi yangu.

Ijumaa, 12 Desemba

Mama Nabintu ametoka hospitali. Maharage yake yamevunwa na majirani. Mvua imepungua.

Jumapili, 21 Desemba. Kashojwa

Alitaka kwenda kanisani. Mama yangu alimwambia apumzike kwanza, akajibu atapumzika akirudi. Tulimshika huku na huku, yeye na ile miti miwili. Alikaa benchi la katikati na upande wa kulia wa kitenge umelala bapa kwenye ubao.

Zamu ya ushuhuda ilipofika aliinua mkono. Pasta Néhémie alisita. Nadhani alihesabu moyoni kitakachosemwa. Kisha akampisha, na ninamheshimu kwa hilo. Mama Nabintu hakuweza kwenda mbele, akasimama palepale ameegemea magongo.

"Bwana asifiwe," akasema. Watu wakaitikia kwa sauti ndogo.

"Mwezi wa tisa nilisema hapa muguu hainiumi. Siku ile ilikuwa kweli. Juma iliyofuata ikaanza kuniuma. Nikapaka mafuta. Nikakaza. Mungu alikuwa ananitumia maumivu ili niseme, mi nikanyamaza ju ya aibu mbele yenu. Sasa goti imeenda. Si sukari. Banaosema sukari banadanganya." Akavuta pumzi. "Mungu hakuanguka. Mi njo nilianguka. Kama kuna mwenye inamuuma, aseme leo, asingoje kama mi."

Akaketi. Hakuna aliyesema amina. Nilisikia maji yakidondoka kutoka ukingo wa turubai, na mtoto mmoja akiuliza mama yake kwa sauti kwa nini watu wamenyamaza.

Kisha benchi la wazee likalia. Mzee Baudouin alikuwa ameinama, anakunja suruali ya kushoto mbele ya kanisa zima, mikunjo midogomidogo.

"Nathalie," akaniita. "Kuya."

Nilikwenda nikapiga magoti. Kibanio kilikuwa kinateleza kwa mafuta, vidole vyangu vikashindwa mara mbili. Kilipoachia nilivua kikombe taratibu, na soksi. Mbele, juu ya mfupa, kulikuwa na kidonda kama sarafu, chekundu, chenye maji, hakijazama. Goti lilikuwa na joto la kawaida. Nililishika mara ya pili kuhakikisha, na nikashindwa kujizuia nikalia.

Nikamuuliza swali lilelile nililomuuliza toka Oktoba. Unasikia maumivu, mzee?

Alimtazama kwanza Mama Nabintu. Yeye akamwitikia kwa kichwa, aseme.

"Inauma," akasema. "Inauma mingi. Hata sasa vile unaishika."

Nyuma yetu mwanamke mmoja akasema, "Hata mi." Mguu wake ulikuwa wa nne katika mpangilio wangu wa meza. Akaanza kufungua kibanio.

Nimeandika hapa, kwa sababu kanisani sikuwa na kalamu: Baudouin, kushoto. Inauma mingi.